Saa tisa na dakika arobaini

Kwa miaka kumi na miwili nimekuwa katibu wa wilaya wa chama cha siasa hapa Mbeya mjini. Chama chenyewe sikitaji, kina wenyewe, na wengi wao bado tunasalimiana sokoni. Anayetaka kukisia ajue tu kwamba si CCM na si CHADEMA. Ni kimoja kati ya vile ambavyo matokeo yakisomwa hutajwa mwishoni, mtangazaji akiwa ameshaanza kukusanya karatasi zake.

Kinachonilisha ni cherehani. Kibanda changu kiko Mwanjelwa, na droo ya chini ndiyo iliyokuwa hazina ya kumbukumbu zetu zote: vitabu vya stakabadhi, mihtasari ya vikao, na kaunta buku moja ya kwaya nne yenye majina ya wanachama na wajumbe. Watu wakisikia chama kinagombania mwenyekiti hufikiria viti vinavyoruka ukumbini na mtu anayetoka nje shati limechanika. Hayo yapo, sikatai. Ila kwetu sisi mambo yalikwisha wiki mbili kabla ya ukumbi, kwenye karatasi, na kalamu nilikuwa nayo mimi.

Mwenyekiti wetu alikalia kiti tangu 2009. Wote tulimwita Mzee, hata waliomzidi umri. Seremala, mtu wa Tukuyu aliyehamia Igawilo zamani, mrefu, mkimya akiwa na njaa na msemaji asiyekoma akiwa ameshiba. Siasa aliianzia NCCR-Mageuzi. Mwaka 1995 alizunguka na Augustine Mrema, mgombea urais wa chama hicho, kwenye kampeni nyanda zetu hizi, na hadi leo ukimgusa atakwambia: zaidi ya asilimia 27 ya kura za urais, viti 16 vya majimbo. Kisha sauti inashuka. Ugomvi wa viongozi ukaja, vikao vikageuka vurugu, kesi juu ya kesi, Mrema akaondoka 1999 na wafuasi wake kwenda chama kingine, TLP, na uchaguzi wa 2000 NCCR haikuwa hata na mgombea urais. "Chama kilikuwa mlima," alikuwa akisema, "tukakichimba wenyewe kwa majembe yetu." Nilipokuwa mgeni nilidhani anasimulia historia. Baadaye nilielewa kwamba anasimulia sababu yake ya kutoachia kiti.

Maana kuachia hakutaka. Muhuri wa chama aliuweka mfuko wa ndani wa koti, na koti hakulivua. Hesabu za fedha hazikusomwa kikaoni hata mara moja nikiwa katibu. Mgombea udiwani alikuwa anamteua yeye, halafu anatuuliza kama tuna maoni. Kijana akihoji anaambiwa yeye ni mtoto wa juzi.

Lakini pia haya niyaseme, nisije nikaonekana namsingizia. Katikati ya 2016 mikutano ya hadhara ilipozuiwa, chama kama chetu kisicho na ruzuku kilibaki kama redio iliyotolewa betri. Hukuweza kupandisha bendera ukasema, na usiposema nani atalipa ada? Matawi yalikufa moja moja mpaka nikaacha kuyafuta, nikawa napiga nukta tu pembeni. Katazo hilo lilidumu hadi Januari 2023. Miaka yote hiyo kila Jumamosi Mzee alifungua ofisi yetu ya chumba kimoja nyuma ya karakana ya kuchomelea vyuma, akafagia, akapanga mabenchi, akakaa. Siku nyingine alikaa peke yake hadi jioni, akafunga, akarudi Igawilo. Mwaka 2018 vijana wetu watatu walipokamatwa aliuza ng'ombe wa maziwa ili wapate wakili. Mmoja wa vijana hao watatu ndiye aliyekuja kumng'oa.

Huyo kijana ni fundi simu pale Kabwe. Mikutano iliporuhusiwa alikuwa kama mtu aliyefunguliwa kamba. Ndani ya miezi michache alitujazia uwanja mdogo wa Ilomba kwa meseji tu, bila gari la matangazo. Anajua kuongea, na anajua kunyamaza pale watu wanapotaka kushangilia, kitu ambacho Mzee hakukijua kamwe. Mimi nilimpenda. Nilichoka kuandika mihtasari ya vikao ambavyo mtu mmoja anasema saa tatu.

Mwanzoni mwa 2024 akatangaza nia. Hapo ndipo nilipofahamu maana ya kambi. Asubuhi kibandani anakuja wa huku, ananunua kifungo kimoja, anakaa saa nzima. Mchana anakuja wa kule na suruali isiyo na tatizo lolote, anataka ipunguzwe. Wote wanaishia hapo hapo: "Dada katibu, orodha imefikia wapi?" Sijawahi kushona kwa faida ndogo namna ile.

Kikao cha Machi kijana alisimama akasema Mwalimu Nyerere aling'atuka urais 1985, akang'atuka uenyekiti wa chama 1990, Mzee wetu anasubiri nini? Ukumbi ukacheka. Mzee akakohoa, akasema, "Nyerere aling'atuka. Hakung'olewa." Ukumbi ukacheka zaidi. Nilikiandika hicho kwenye muhtasari ingawa hakikuwa ajenda.

Mwishoni mwa Mei zikaja habari za Makambako. CHADEMA Kanda ya Nyasa walifanya uchaguzi wao pale, na Sugu wa huku kwetu Mbeya akamshinda Mchungaji Msigwa wa Iringa aliyekuwa mwenyekiti wa kanda. Wawili waliokuwa wabunge wa upinzani kwa miaka kumi mmoja huku mmoja kule, sasa wanapimana kifua. Vijana wetu walishangilia kana kwamba ni ushindi wao: kumbe mkubwa hutoka! Mwezi Juni ulipoisha Msigwa alihamia CCM, na sasa zamu ya kambi ya Mzee kutamba ikafika: mnaona? Mkiwasukuma wanaondoka. Kila habari iliyoingia mjini iligeuzwa kuni.

Mkutano wetu ukapangwa Julai. Utaratibu ulikuwa rahisi. Kila tawi hai linaleta wajumbe watano. Tawi hai ni lenye wanachama hamsini waliolipa ada ya mwaka, shilingi elfu moja kila mmoja. Orodha inafungwa siku kumi na nne kabla ya mkutano, saa kumi jioni. Ukisoma hivyo unaona hakuna pa kuchezea. Mimi nakwambia hapo ndipo mchezo wote ulipo. Ada ya watu hamsini ni elfu hamsini. Mwenye kiu ya cheo halii kwa elfu hamsini. Kwa hiyo matawi yaliyokufa tangu 2017 yakaanza kufufuka, moja Iyunga, moja Sae, yote ndani ya wiki moja, na majina hamsini yameandikwa kwa mwandiko mmoja na kalamu ile ile, hata jinsi ya kukata herufi "t" ni ile ile. Kambi zote mbili zilifanya. Anayekwambia kambi yake haikufanya muulize alikuwa wapi siku hiyo.

Siku ya kufunga ilikuwa Ijumaa. Baridi ya Julai ya Mbeya mnaijua, ile inayokufanya ushone ukiwa umevaa kitenge juu ya sweta. Saa kumi ilipofika nilikuwa na matawi kumi. Nikapiga mstari mwekundu kwa rula. Saa kumi na mbili kasoro, nikiwa nafunika cherehani, wakafika vijana wawili kwa bodaboda, wanahema, wamebeba karatasi za tawi la kumi na moja. Pikipiki iliharibika Mbalizi, walisema. Mafuta yaliisha. Waliapa kwa mama zao, mmoja hadi kwa bibi yake.

Nilikuwa na majibu mawili. Nikachagua la tatu. Nilifungua kaunta buku, nikaandika majina ya wajumbe watano kwenye mistari miwili iliyobaki juu ya ule mstari mwekundu, nikabana mwandiko, na kwenye safu ya muda wa kupokea nikaandika saa 9:40 alasiri.

Kesho yake, saa mbili asubuhi, wakaja watu wa Mzee na tawi lao. Nao walikuwa na hadithi, ya msiba. Nikawaambia orodha ilifungwa jana saa kumi, katiba ni katiba. Nilisema kwa sauti ya utulivu kabisa. Nakumbuka nilijisikia mtu wa haki.

Ukumbi tulikodi Soweto. Sitausimulia sana. Mzee alijieleza dakika arobaini, kijana dakika saba. Wajumbe hamsini na watano, hakuna aliyekosa, hakuna kura iliyoharibika. Kijana 29, Mzee 26. Vijana walimbeba mshindi hadi barabarani, bajaji zikapiga honi. Mimi nilibaki mezani nikipiga hesabu ambayo sikuhitaji karatasi kuipiga. Toa wale watano wa saa kumi na mbili: 24 kwa 26. Waache wale watano, ongeza watano wa Mzee niliowarudisha: 29 kwa 31. Ningefuata sheria kwa wote au ningelegeza kwa wote, Mzee angeshinda. Njia iliyompa kijana kiti ilikuwa moja tu, nayo ni ile niliyopita mimi.

Jumatatu Mzee alikuja kibandani. Akavua koti. Miaka yote ile sikuwahi kumwona bila koti, alionekana mdogo ghafla. Akatoa muhuri kwenye mfuko wa ndani, akauweka mezani juu ya mkasi wangu. "Mpe mwenyekiti," akasema. Halafu akaniomba nishone mfuko, umetanuka kwa uzito. Nikaushona palepale, akasubiri. Nilitaka shilingi elfu moja, akaniachia elfu mbili. "Ndaga fijo, mwanangu," yaani asante sana kwa Kinyakyusa. Akaenda zake.

Watu wake hawakupoa kama yeye. Nimejifunza kwamba mshindwa akisharudi nyumbani ana mke, ana wajukuu, ana randa na mbao zinamngoja. Mpambe hana hivyo. Alichokuwa nacho ni kuwa karibu na mkubwa. Wakataka rufaa. Ikakosekana, wakataka kuhama. Wakamkumbusha Maalim Seif wa Zanzibar, Machi 2019, alivyotoka chama chake cha CUF baada ya mgogoro mrefu na mwenyekiti wake Lipumba, akaingia ACT-Wazalendo na watu wakaimba shusha tanga, pandisha tanga, safari iendelee. Mzee akawajibu, nimesimuliwa na aliyekuwepo, "Maalim alikuwa na bahari. Mimi tanga nikalipandishe wapi, mto Nzovwe?"

Hakuhama. Lakini hakuja tena ofisini Jumamosi.

Mwisho wa mwezi mwenye nyumba alitokea kudai kodi. Tukatazamana. Hakuna aliyejua kodi ni shilingi ngapi. Kumbe ni elfu arobaini, na kumbe miaka tisa ilikuwa inatoka kwenye meza na vitanda vya Mzee. Hesabu zile alizokataa kuzisoma kikaoni, tulizokuwa tukinong'ona kwamba anazila, hazikuwa na kitu cha kusomwa. Chama kilikuwa kinamdai majibu, yeye alikuwa anakidai pesa. Kwa nini hakusema? Nadhani angesema, tungegundua kwamba chama hatuna, tunaye Mzee tu mwenye bendera. Na hilo nalo ni kosa lake, siliondoi. Mtu akikibeba chama mgongoni miaka yote, wengine hawajifunzi kutembea.

Kijana alijitahidi. Alifungua kitabu cha mapato, akasoma hesabu kila mwezi, shilingi kwa shilingi, ingawa shilingi zenyewe zilikuwa chache. Muhuri akaniachia mimi. Lakini ulipofika uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 27, fomu zetu nne zilikuwa na makosa ya kujaza, jina tofauti na la kwenye kadi, sahihi mahali pasipo pake. Makosa ambayo Mzee angeyaona hata bila miwani. Aliyezijaza alikuwa hajawahi kujaza fomu, na aliyejua kuzijaza alikuwa Igawilo anapalilia viazi, hakuna aliyemwita. Niliwahi kushika simu nimpigie. Nikaiweka chini.

Kabla ya hapo, Septemba, mama mmoja mwanachama wetu wa siku nyingi alifariki Ilemi. Kinamama wa kambi ya Mzee walipika jiko lao, wa kijana wakapika jiko lao, sufuria mbili za maharage hatua kumi kutoka moja hadi nyingine. Wakati wa rambirambi mshereheshaji akasoma bahasha ya kwanza, "Kutoka chama," akakitaja. Akasoma ya pili, akasita, akaigeuza nyuma na mbele, kisha akakitaja tena chama kile kile. Bibi mmoja jirani yangu akauliza kwa sauti kama hivi vyama vimezaana. Nilicheka nikiwa nimeinamia kanga, nikageuza kicheko kuwa kilio, mahali penyewe paliruhusu.

Januari 2025 ndipo tuliporudi kukaa benchi moja, na si kwa ajili yetu. Ilikuwa usiku wa uchaguzi wa mwenyekiti wa CHADEMA pale Mlimani City, Dar es Salaam, Mbowe na Lissu. Mwanjelwa nzima ilikuwa macho. Fundi simu, yaani mwenyekiti wetu, alileta simu kubwa na spika, akaisimamisha juu ya cherehani yangu. Watu wakajaa. Karibu saa tano usiku Mzee akaingia, na koti. Hakuna aliyemwita. Kijana akasimama, "Shikamoo Mzee," akampisha kiti.

Tulikesha. Mbowe, mtu aliyekaa uenyekiti tangu 2004, aliyejenga chama kutoka kidogo hadi kikubwa, na mwenzake Lissu aliyepigwa risasi 2017 akapona, wanagombea kiti kimoja na wote wawili watu wanawapenda. Usiku ule niliona sura za benchi langu zikipita machozi na kicheko mara mbili tatu. Asubuhi ya tarehe 22 ikatoka: Lissu 513, Mbowe 482. Tofauti kura 31 katika karibu elfu moja. Na Mbowe akakubali. Kijana akampongeza Mbowe kwa maneno mazuri mno, akimtazama Mzee pembeni ya jicho. Nadhani lilikuwa ombi la radhi, la namna ya vijana.

Mzee alikuwa anafuta miwani. Akauliza, bila kumlenga mtu, "Na hawa wenzetu orodha ya wajumbe waliifunga siku ngapi kabla?"

Kijana akaanza kueleza habari za katiba yao. Mimi nilikuwa nazungusha gurudumu la cherehani ambayo haina uzi.

Nilikaa na swali lile mpaka Februari. Jumapili moja baada ya ibada nikapanda daladala ya Uyole, nikashukia Igawilo, kaunta buku imefungwa kwenye kitenge. Nilimkuta chini ya mparachichi, mkewe akanikaribisha kwa ndizi na maharage, tukala kwanza. Kisha nikafungua ukurasa ule, nikauweka mbele yake. Akavaa miwani. Hakuhitaji maelezo, mistari miwili iliyobanwa juu ya ule mwekundu ilionekana kama mtu aliyejificha nyuma ya nguzo nyembamba.

"Saa tisa na dakika arobaini," akasoma.

"Ilikuwa saa kumi na mbili kasoro, Baba."

Alinyamaza muda. Kuku walipita. Kisha akacheka, kicheko kile cha pua, akafunga daftari na kunirudishia.

"Lile tawi langu ulilolikataa," akasema, "saba kati ya wale hamsini walikuwa wameshakufa. Mmoja nilimchongea jeneza mimi mwenyewe."

Sikujua niitikie nini. Mkewe ndani alisikia, akasema kwa Kinyakyusa neno ambalo sitalitafsiri.

Tulirudi kwenye mambo ya mvua na bei ya viazi. Ilipofika saa ya kuondoka alimwagiza mjukuu anijazie ndoo nzima, kisha akaingia ndani, akatoka na noti ya elfu moja iliyokunjwa mara nne. Ada yake ya mwaka 2025. Nikatoa kitabu cha stakabadhi mkobani, nikajaza jina, namba ya kadi, kiasi, tarehe. Nikamkatia.

Akaisoma, akaninyooshea tena.

"Andika na saa."